Mwendo wa Redio

Wajukuu wangu wananijua kama bibi wa ndizi, bibi wa sauti ya pili kwenye kwaya, bibi anayegomba mtu akiingia ndani na matope. Hawakujua kwamba niliwahi kusimama mbele ya watu na kunguruma mpaka mbwa wa jirani wakakimbilia migombani. Na mimi nilikuwa nimeshaacha kusema. Ukimwambia mtu wa Masukulu kwamba ulikuwa mwimbaji wa ule muziki wa magitaa ya kelele, wa kasi, wa vijana wa ng'ambo wenye nywele mpaka mgongoni, anakuangalia kwanza usoni kama uko mzima, halafu anakuuliza habari za chai.

Tulikuwa wanne. Kaka yangu alipiga gitaa. Rafiki yake wa Ikuti alipiga besi. Huyo alikuwa mpole, anakubali kila kitu, na leo ni dereva wa lori Mbeya na bado anakubali kila kitu. Mimi niliimba, kama kule kunaitwa kuimba. Wa nne ndiye hasa ninayetaka kumsimulia: mpiga drams wetu, mtoto wa fundi cherehani wa pale Tukuyu mjini. Ukoo wao ni Waislamu, watu wa pwani. Babu yao alipanda huku milimani na cherehani yake, akakuta baridi, akaanza kushona makoti, akabaki. Mama yetu, mtu wa kanisani asubuhi na jioni, alimpenda kijana yule kuliko alivyompenda kaka, kwa sababu hakugusa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na kaka alikuwa anaigusa vizuri tu.

Mambo yalianza na koti. Kaka alinunua koti la mtumba sokoni, la ngozi, zito, na kwenye mfuko wa ndani akakuta kaseti. Haikuwa na jalada wala jina, maandishi yalikuwa yamefutika kwa jasho la mwenye koti, sijui nani, Mungu ambariki huko aliko. Nyumbani tulikuwa na redio kaseti ambayo mota yake ilikuwa imeungua. Kaka anajiita fundi mpaka leo, ingawa sijui nani alimpa hicho cheo. Alichomoa mota kwenye mashine nyingine mbovu, akaipachika kwa gundi na kipande cha mpira wa baiskeli, akaweka betri. Kaseti ikazunguka, naye akajipongeza.

Sasa niseme nini juu ya kile tulichokisikia? Unaijua mvua ya kwetu ya mwezi wa nne ikipiga kwenye bati, ile ambayo mkiongea hamsikilizani hata mkikaa kiti kimoja? Ilikuwa hivyo, ila mvua hii ilikuwa na mpangilio. Ilisimama yote kwa pamoja, ikaanza yote kwa pamoja. Nilikuwa namenya ndizi, nikabaki na kisu hewani. Niliogopa, nasema kweli, na nikataka iendelee. Kaka naye alikuwa amekaa chini sakafuni bila kujua amekaa saa ngapi.

Halafu ikaja sauti. Ilikuwa juu, kali, inagomba. "Huyu ni mwanamke," akasema kaka. Wa besi akakubali. Mpiga drams akasikiliza tena, akasema ndiyo, mwanamke, tena mwenye hasira. Wote watatu wakanigeukia.

Kwetu, mtu akimtaka mwenzake aliye ng'ambo ya korongo hashuki bonde na kupanda tena. Anasimama ukingoni na kumwita. Mimi nilikuwa naitwa na majirani niwaitie watu wao. Sauti yangu ilivuka korongo, ikavuka na mto. Kaka alinisukuma mbele ya redio na kusema, "Gwe, mwite huyo mwanamke." Nikamwita. Ndivyo nilivyoingia kwenye bendi.

Kwa nini hatukushtuka? Nimejiuliza sana. Mama alikuwa na kaseti moja ya kwaya aliyoletewa zawadi, akaomba aisikilize kwenye redio hiyo hiyo. Zikatoka sauti nyembamba nyembamba, mbiombio. Mama akasema kumbe ni kwaya ya watoto, akasifu jinsi walivyofundishwa vizuri, akafuta machozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyetumia akili. Redio ilikuwa inazungumza, na redio ikizungumza huku kwetu unaiamini.

Basi tukaanza kujifunza. Kaka alikaza nyuzi za gitaa lake zifike juu ilipo sauti ya kaseti, nazo zikawa zinakatika kila mara. Moja ilimchana shavu, alama bado anayo. Akaacha kununua, akaanza kutumia waya za breki za baiskeli. Wa besi vidole vilivimba, akasema hamna shida. Lakini aliyeteseka alikuwa yule wa cherehani. Drams zake alizitengeneza kwa mapipa ya mafuta ya kula na ngozi za ng'ombe, matoazi yalikuwa mifuniko ya sufuria. Ile ngoma kubwa ya miguuni aliifungia pedali mbili za cherehani, zile za chuma za kukanyagia, alizozitoa kwenye mashine mbovu za baba yake. Ukikanyaga kisigino inapiga, ukikanyaga vidole inapiga. Tangu utotoni alikuwa amelala na kuamka na pedali ile, miguu yake ilikuwa haichoki.

Alikuwa anakaa mbele ya redio na vijiti vyake, anasikiliza, anarudisha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe, anasikiliza tena. Jasho linamtoka, na Tukuyu si mahali pa kutoka jasho. Nilimwambia siku moja apumzike, wapiga drams wa kwenye kaseti labda wako wawili. Akanikatalia. "Nasikia mikono miwili, dada. Kama yeye anayo miwili na anaweza, na mimi ninayo miwili." Akaendelea mpaka viganja vikachubuka. Akavifunga vitambaa vya dukani kwao, akaendelea.

Tukafika mahali tukaweza. Tulipiga kwenye harusi, na mara nyingi hatukumaliza harusi. Tulipiga kwenye mahafali ya shule, mwalimu mkuu akazima jenereta. Tuliposifiwa sana ni Matwebe, kwenye kilabu cha kimpumu, mchana. Tulitegemea kufukuzwa. Badala yake wanaume watu wazima wakainuka na fimbo zao, wakaanza kucheza ile ngoma ya kiume ya msibani, ya kukanyaga ardhi na kuruka, macho makavu, kama wanaenda vitani na kifo chenyewe. Walicheza nyimbo zote. Tulipomaliza mmoja akaja kwa mpiga drams, akamshika mikono yote miwili. "Hii mmeiba msibani kwetu," akasema. "Ndaga fijo." Yaani asante sana. Mwili ulinisisimka, na nikiandika haya unanisisimka tena.

Lakini kulikuwa na wimbo wa mwisho wa ile kaseti. Katikati yake magitaa yote yananyamaza na drams zinabaki zenyewe, zinashuka. Tulipaita Mteremko. Kwenye redio, yule mpigaji wa ng'ambo alikuwa anateremka pale kwa kasi ambayo hata kuifuata kwa sikio ni kazi. Mpiga drams wetu alianguka pale kila siku. Vijiti vilikuwa vinagongana hewani, kimoja kinaruka, yeye anasimama, na sisi tunasimama. Hakuna mahali pengine alipoanguka. Nyumbani alianguka, harusini alianguka, na kila alipoanguka alizidi kunyamaza.

Siku moja baada ya onyesho Ikuti alifungua ngozi kwenye mapipa yake. Tukadhani anazianika. Akasema, "Tunadanganya watu. Yule anapiga drams. Mimi nagombana na mapipa." Kaka akambembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Hakubadilika. Mapipa yakaenda kwao kukingia maji ya mvua, pedali zikarudi kwenye cherehani, kaseti akabaki nayo yeye. Bendi ikafa palepale, maana nani mwingine angepiga vile?

Maisha yakaendelea. Niliolewa, nikalima chai na ndizi, nikafiwa na mume, nikaingia kwaya. Yeye akarithi kibaraza cha baba yake, akawa fundi wa sare za shule na majoho ya kwaya, pamoja na majoho yetu. Nilikuwa nikienda kupimwa naiona miguu yake kwenye pedali, kisigino, vidole, kisigino, vidole, haikosei. Tulikuwa tunaongea habari za vifungo. Sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwahi kuanza, ila nilikuwa najua kwamba mtu huyu anaamini alishindwa, na kwamba ameliweka jambo hilo ndani na kulifungia.

Aliyelifungua ni binti yangu, kwa umbea. Alinirekodi kwa simu nikiwa namwita mtu ng'ambo ya korongo, akaiweka mtandaoni na kusimulia kwamba mama yake aliwahi kuimba muziki fulani. Mbeya kumbe kuna vijana wanaupenda muziki huo, wana bendi zao na fulana nyeusi. Wakaja mpaka nyumbani, wakaamkia vizuri, wakala ndizi. Wakasema wanaandaa onyesho la mchana uwanjani Tukuyu, wanataka wazee wa kazi. Eti wazee wa kazi. Niliwafukuza, halafu nikawaita warudi.

Kaka alikubali kabla sijamaliza kusema. Wa besi akakubali kwa simu akiwa njiani na lori lake. Tukaenda sote watatu kwenye kile kibaraza.

Fundi hakuacha kushona. "Niliacha kwa sababu, dada," akasema. "Sababu bado ipo." Nikamwambia sisi ni watu wazima sasa, nani atatuhesabia makosa? Akasema, "Mimi." Halafu akavuta droo ya cherehani, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha bitana. Kaseti. Akasema hajaisikiliza tangu siku ile. Ataisikiliza sasa, mbele yetu. Akiona ule Mteremko bado ni mlima kwake, tusimsumbue tena mpaka afe. Tukasema sawa. Nilisema sawa nikiogopa, maana mikono yake ilikuwa imezeeka, niliiona.

Muuza kahawa wa jirani alikuwa na redio kaseti nzima, akatuazima. Fundi akabonyeza. Ikatoka sauti nzito, ya kuburuza.

"Betri," akasema kaka.

Tukabadilisha betri. Nzito vilevile. Tukachomeka kwenye umeme. Nzito. Kaka akasema redio za siku hizi hazina maana, nikamwambia hiyo ni ya zamani kuliko ndevu zako. Fundi akamtuma wa besi kanisani kwetu kuazima nyingine, ile ya mazoezi ya kwaya. Wa besi akaenda, akarudi nayo. Tukaweka. Ikatoka ile ile, na hapo sauti ya mwimbaji ikaingia, nami nikaisikia vizuri. Ilikuwa ya mwanamume, mwanamume mzima, wa koo pana.

"Huyu si mwanamke," nikasema.

Redio mbili zilikuwa zimekubaliana. Kaka akaanza kushika kovu la shavuni, taratibu, kisha akasema neno moja tu, "Mota." Ile mota yake ya gundi na mpira wa baiskeli ilikuwa inakimbia. Ilikimbia miaka yote. Ilimfanya mwanamume aimbe kama mwanamke, ikapandisha nyuzi mpaka zikakatika, ikawageuza wanakwaya wa mama kuwa watoto. Na ilimfanya mpiga drams wa watu, aliyejipigia zake kwa nafasi, aonekane jini.

Fundi alikuwa ameshika kikombe cha kahawa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia, vidole vitupu, alianza kufuata drams kwenye meza ya cherehani. Wimbo wa mwisho ukafika, magitaa yakanyamaza, Mteremko ukaanza, na vidole vyake vikauteremka wote, mpaka chini, kahawa haikumwagika. Akaizima redio.

"Kwa hiyo," akamuuliza kaka kwa sauti ya chini, "nilikuwa nakimbizana na nani?"

Fundi akafunika cherehani, akafunga mlango mchana kweupe, akaondoka kuelekea msikitini bila kutuaga. Nilimgombeza kaka njia nzima mpaka Masukulu, nikamwita majina ambayo mwimba kwaya hayajui. Nilikuwa na uchungu wa yule mtu, aliyejihukumu maisha yake yote kwa ajili ya kipande cha mpira. Na nilikuwa na uchungu wangu pia. Nilipewa nafasi kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwepo. Nilipofika nyumbani nilisimama ukingoni mwa korongo bila kumwita mtu, na ndipo kitu kingine kikanijia, kikanishika miguu. Kama hakuwepo, basi ile sauti niliyoimba ilitoka wapi? Na ile kasi tuliyoifikia, nyimbo zote isipokuwa mahali pamoja, tuliifikiaje, kama hakuna binadamu aliyewahi kuipiga? Tulidhani inawezekana, basi tukaiweza. Nilisimama pale mpaka ukungu ukafunika ng'ambo yote, nikashindwa hata kusali.

Niliamini hatarudi. Alikuja mwenyewe, na bodaboda, pedali mbili za chuma zimefungwa nyuma kwa kamba. Alisalimia, akakaa, akasema tutapiga. Ila tupige kama ilivyo kwenye kaseti, kwa mwendo wa haki. Hakumtazama kaka, na kaka alikuwa na adabu siku hiyo kuliko siku zote ninazomjua.

Tukafanya mazoezi. Ilikuwa rahisi. Nyuzi hazikukatika, wa besi akasema kwa mara ya kwanza vidole haviumi, na Mteremko fundi aliupita kila siku, anaupita na kuangalia pembeni. Ila mimi koo langu lilikuwa linasubiri. Nilikuwa nafika kwenye neno, naukuta muziki bado uko nyuma unakuja, nasimama kuungoja kama nangoja ng'ombe avuke. Na uso wa fundi ulikuwa mkavu. Alikuwa anapiga kama anashona sare.

Siku ya onyesho mvua ilinyesha, tukasubiri, ikaacha, ukungu ukabaki. Uwanja ulikuwa na vijana wa fulana nyeusi, na wanakwaya wenzangu chini ya miamvuli, na wakulima waliotoka kuuza chai wakakuta watu wamejaa. Vijana walikuwa wametuletea drams za kweli, zinang'aa, lakini fundi alifunga pedali zake za cherehani. Tulipiga nyimbo zetu kwa mwendo wa haki. Watu walipiga makofi. Vijana walitingisha vichwa kwa heshima, kama wanavyowafanyia wazee.

Ukabaki wimbo wa mwisho. Nilishika kipaza sauti. Nyuma yangu fundi hakuanza. Nikageuka, nikamwona anafunga viganja vyake vitambaa, vipande vya joho letu la kwaya, rangi nilizijua.

"Dada," akasema, "mwendo wa redio."

Kaka alisikia. Akazishika nyuzi zake, akazikaza palepale jukwaani. Wa besi akatikisa kichwa kukubali. Fundi akagonga vijiti kuhesabu, na ile hesabu peke yake iliwafanya vijana wa mbele wainue nyuso.

Tuliondoka. Sijui neno lingine. Koo langu lilifunguka lote, likaikuta ile sauti pale nilipoiacha nikiwa msichana, nikamwita yule mwanamke asiyekuwepo na nikawa mimi ndiye. Wanaume wa kule nyuma, waliokuja na vikapu vya chai, walianza kukanyaga ardhi. Miguu ya fundi ilikuwa inafanya kazi iliyoifanya kila siku ya maisha yake, kisigino, vidole, na mikono yake ya kizee ilikuwa sijui inatoa wapi nguvu. Vijana wa fulana nyeusi waliacha kutingisha vichwa. Walisimama tu wanamwangalia, midomo wazi, na mimi niliwaelewa, maana nami niligeuka kumwangalia. Magitaa yakanyamaza. Akaingia kwenye Mteremko.

Akateremka, akateremka, na pale pale alipokuwa akianguka zamani, vijiti viligongana, kimoja kikaruka juu na kuangukia miguuni kwangu.

Nilimwangalia usoni nikiogopa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka.

"Pale pale," akasema.

Zamani akianguka hapo alikuwa anasimama, na sisi tunasimama. Niliinama, nikaokota kijiti, nikamrushia. Nikaanza kuimba ubeti uliobaki peke yangu, kwa mwendo ule ule, bila ngoma wala gitaa, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha. Sikufika mwisho wa mstari wa kwanza, akawa ameshanikuta.